Sigara ya saa 4 usiku na pumzi ya alfajiri

Kijiweni na sebuleni kuna kauli mbili ambazo watu huzitamka kwa uhakika ule ule. Ya kwanza: anayekoroma ameshiba usingizi. Ya pili: sigara moja kabla ya kupanda kitandani hutuliza akili, mtu akalala kama mtoto. Kauli hizi zikikutana kwa mtu mmoja, mvutaji anayekoroma, nyumba nzima humwacha tu. Usiku akiunguruma, wanasema baba amechoka na kazi. Asubuhi akikohoa mpaka machozi yanamtoka, wanasema ni kikohozi cha sigara, keshakizoea. Mchana akisinzia kwenye kiti mazungumzo yakiendelea, wanasema ni umri. Mambo yote matatu yanaweza kuwa na asili moja, na asili hiyo hufanya kazi usiku, wakati mwenyewe hajioni na wengine wamelala.

Kwanza tutenganishe maneno, maana mengi yanayosemwa vibaya kuhusu jambo hili hutokana na kuyachanganya.

Kukoroma, kukata pumzi, na oksijeni kushuka

Kukoroma ni sauti ya nyama laini za koo zikitikiswa na hewa. Hewa tunayovuta puani hupita nyuma ya kinywa, na hapo njia haina mfupa wala gegedu ya kuizungushia ukuta. Ina kaakaa laini kwa juu, kimeo kinachoning'inia katikati, mafindofindo pembeni, na shina la ulimi kwa mbele. Mchana misuli huishikilia njia hiyo iwe wazi bila sisi kuhisi. Tukilala, misuli hulegea. Njia ikisinyaa kidogo, hewa hulazimika kupita kwa kasi zaidi, na nyama zilizolegea hupigapiga kama turubai la lori ambalo halikukazwa kamba.

Kukata pumzi usingizini ni hatua ya mbele zaidi. Hapa njia hufunga kabisa, au karibu kabisa, kwa sekunde 10 au zaidi, huku kifua kikiendelea kuhangaika kuvuta. Sauti ya kukoroma hunyamaza ghafla. Ubongo ukihisi hatari humshtua mtu nusu-usingizi, anashtuka kwa mkoromo mkubwa au kama anayetoka majini, kisha anarudi kulala. Kwa kawaida asubuhi hakumbuki. Wataalamu huhesabu matukio hayo, pamoja na yale ambayo pumzi imepungua sana bila kukatika, kwa kila saa ya usingizi. Kwa mtu mzima chini ya 5 ni kawaida. 5 hadi 14 ni tatizo dogo. 15 hadi 29 la wastani. 30 na kuendelea ni kali. Mwenye 30 kwa saa hukatizwa usingizi kila dakika 2, usiku kucha, na anaweza kuapa kwamba alilala fofofo.

Oksijeni kushuka ni jambo la tatu. Hutokea kila koo linapofunga, lakini linaweza kutokea hata koo likiwa wazi, ikiwa mapafu yenyewe ni mabovu. Ninalitenga kwa sababu sigara haipiti mlango mmoja. Huharibu pumzi ya usiku kupitia koo, ubongo, damu na mapafu, na kila njia ina mwendo wake.

Koo lililovimba

Moshi wa sigara ni wa moto, ni mkavu, na una maelfu ya kemikali, nyingi zikiwa za kuwasha. Utando laini wa pua na koo hujibu kwa njia pekee unayoijua: hujaa damu, huvimba, hutoa kamasi. Uvimbe huo ni mdogo kwa macho, pengine milimita moja au mbili tu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Njia ya hewa ni bomba, na bomba lina hesabu kali. Hewa ikipita kwa utulivu, ukipunguza upana wa bomba kwa sehemu 1 kati ya 10, nguvu inayohitajika kupitisha hewa ile ile huongezeka karibu mara moja na nusu. Ukipunguza upana hadi nusu, ugumu huwa mara 16. Kwa hiyo uvimbe mdogo mahali pembamba si jambo dogo.

Kisha kuna tabia ya pili ya koo, ambayo mabomba ya chuma hayana: koo ni bomba laini. Umewahi kunywa soda kwa mrija wa karatasi uliokwisha kulowa? Ukivuta taratibu, soda inapanda. Ukivuta kwa nguvu, kuta za mrija hunywea na kugusana, na kadiri unavyozidi kuvuta ndivyo unavyozidi kuziba. Mvutaji aliyelala yuko katika hali hiyo hiyo. Pua imebana, kwa hiyo kifua huvuta kwa nguvu zaidi. Kwa kuvuta kwa nguvu, koo lililovimba hunywea. Pua ikishindwa kabisa, kinywa hufunguka chenyewe, taya hushuka na kurudi nyuma, na ulimi huifuata taya kuelekea kooni. Ndiyo maana wengi huamka na kinywa kikavu kama kilichopakwa majivu.

Sigara za mnanaa zimewadanganya wengi hapa. Mvutaji akizivuta huhisi pua imefunguka na hewa ni baridi. Mnanaa huamsha neva za ubaridi tu. Hauipanui njia hata kidogo. Uvimbe uko pale pale chini ya ubaridi.

Kuna na tindikali ya tumbo. Mwishoni mwa umio kuna msuli wa mviringo unaofunga mlango wa tumbo ili chakula kisirudi juu. Nikotini hulegeza msuli huo. Mvutaji akila chapati na nyama saa 3 usiku, akavuta, akalala chali, tindikali hupanda usiku hadi karibu na koo na kuongeza uvimbe juu ya uvimbe. Yeye huita kiungulia na kununua dawa ya kutafuna dukani, hajui kwamba kinahusika pia na kukoroma kwake.

Je, haya yamepimwa kwa watu? Yamepimwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2004, uliowahoji zaidi ya watu 15,000 wa Iceland, Estonia, Denmark, Norway na Sweden, ulikuta kwamba wanaokoroma mara kwa mara ni asilimia 24 kati ya wavutaji, asilimia 20 kati ya walioacha, na chini ya asilimia 14 kati ya wasiowahi kuvuta. Kabla ya hapo, mwaka 1994, watafiti wa Wisconsin nchini Marekani waliwalaza watu wazima 811 kwenye maabara ya usingizi, wakakuta wavutaji wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na tatizo la pumzi la kiwango cha wastani au zaidi, na waliokuwa wakivuta sigara 40 au zaidi kwa siku ndio waliokuwa katika hali mbaya kuliko wote.

Niseme wazi hapa: kuhusu kukoroma ushahidi ni imara, lakini kuhusu kukata pumzi kwenyewe tafiti hazikubaliani zote. Baadhi hazikuona tofauti kati ya wavutaji na wengine baada ya kuzingatia uzito, umri na pombe. Unene, shingo nene na umbo la taya bado ndivyo visababishi vikubwa zaidi. Sigara huongeza mzigo juu ya visababishi hivyo, na mtu mwembamba asiyevuta anaweza kukata pumzi vilevile. Anayekwambia sigara ndiyo chanzo pekee anazidisha, na anayekwambia haihusiki anapotosha.

Saa baada ya saa, toka kipisi kizimwe

Nikotini ni kichocheo. Ikivutwa, hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, moyo huongeza mapigo, mishipa hubana. Kwa nini basi mvutaji huhisi ametulia? Kwa sababu alikuwa na kiu ya nikotini tangu ile iliyotangulia ilipoanza kuisha, na sigara imeikata kiu hiyo. Utulivu anaousikia ni wa mwenye deni aliyelipa, na kesho atakopa tena.

Chukua mvutaji anayezima sigara ya mwisho saa 4 usiku. Nikotini hupungua kwa nusu takriban kila baada ya saa 2. Saa 6 usiku imebaki nusu. Saa 8 robo. Saa 10 alfajiri sehemu 1 kati ya 8. Usiku wake basi una sehemu mbili zisizofanana.

Sehemu ya kwanza, nikotini ikiwa nyingi, usingizi huchelewa na huwa mwepesi. Uchunguzi wa watu zaidi ya 6,000 nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa wavutaji huchelewa kusinzia kwa dakika 5 hivi kuliko wasiowahi kuvuta, hulala pungufu kwa dakika 14, na usingizi wao mzito huwa pungufu. Dakika 14 zaweza kuonekana si kitu. Zizidishe kwa siku 30: ni saa 7, usiku mmoja mzima kila mwezi.

Ajabu ni kwamba katika sehemu hiyo hiyo nikotini hukaza misuli ya koo. Mwaka 1985 watafiti waliwapa wagonjwa wachache wa kukata pumzi jojo ya nikotini, na pumzi zikakatika mara chache zaidi katika saa 2 za mwanzo za usingizi. Wapo wanaoushika ukweli huu na kusema basi sigara ni dawa ya kukoroma. Majaribio ya baadaye kwa plasta za nikotini hayakupata tiba yoyote ndani yake. Usingizi uliharibika tu. Na hata hizo saa 2 zina mwisho.

Sehemu ya pili ndiyo mbaya. Kuanzia kama saa 8 usiku nikotini imeshuka, msaada wake kwa misuli umeondoka, na ubongo unaanza kuidai. Usingizi huwa wa kushtukashtuka. Na mwili una desturi yake: usingizi wa ndoto, ule ambao misuli yote hulegea kuliko wakati wowote, hujazana katika theluthi ya mwisho ya usiku, kuelekea alfajiri. Koo lililovimba, misuli iliyolegea kabisa na ubongo wenye kiu ya nikotini hukutana saa ile ile. Ukitaka kusikia jinsi mvutaji anavyopumua, usimsikilize saa 5 usiku. Msikilize saa 10 alfajiri.

Baadhi hufikia kuamka katikati ya usiku ili wavute. Hiyo ni alama ya utegemezi mkubwa, na ina hatari ya haraka kuliko zote: sigara mkononi mwa mtu anayesinzia, juu ya godoro la sponji, ndani ya chandarua.

Abiria asiyeshuka

Sasa damu. Sigara ikiungua hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Isichanganywe na hewa ukaa tunayoitoa kila tukipumua. Kaboni monoksidi hushikana na himoglobini, chombo cha damu kinachobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya ile ya oksijeni.

Fikiria daladala lenye viti 100. Kwa asiyevuta, viti 1 au 2 tu ndivyo vinavyokaliwa na kaboni monoksidi. Kwa mvutaji wa kila siku, viti 5, 8, hata 10 hukaliwa na abiria huyu, naye hashuki kituo chochote. Tena akiwamo, oksijeni iliyokaa viti vingine nayo hushuka kwa shida, kana kwamba mlango umebanwa. Gesi hii hupungua kwa nusu kila saa 4 au 5, na usingizini huchelewa zaidi kwa sababu tunapumua kidogo. Kwa sigara ya saa 4 usiku, saa 9 bado karibu nusu ya abiria wale wamo. Kwa hiyo pumzi ikikatika sekunde 20, mvutaji anaanza mfungo huo akiwa na akiba pungufu.

Kutoka hapa kuna kosa linalozidi kuenea tangu miaka ya korona, watu wengi waliponunua kipima oksijeni cha kidoleni. Mvutaji anakibana kidoleni, kinasoma 98, anasema mapafu yangu mazima. Kifaa hicho cha kawaida hutambua himoglobini kwa rangi, na himoglobini iliyokaliwa na kaboni monoksidi ina wekundu unaofanana na iliyokaliwa na oksijeni. Kifaa huhesabu viti vilivyojaa, hakimjui aliyekaa. Pia kimepima mchana, mtu akiwa macho na koo likiwa wazi. 98 ya saa 6 mchana haisemi chochote kuhusu saa 10 alfajiri.

Shisha iingie humu humu. Moshi wake hupita majini ukapoa, na ubaridi huo huwafanya watu waamini umesafishwa. Maji hayazuii kaboni monoksidi, na juu ya tumbaku ya shisha kuna kaa la moto linaloongeza gesi hiyo kwa wingi. Mkao mmoja huchukua saa nzima au zaidi, tena mara nyingi ni usiku. Tanzania ilipiga marufuku shisha mwaka 2016, Kenya na Rwanda zikafuata Desemba 2017, lakini katika kumbi nyingi ingali inawashwa. Na kwa kuwa tunazungumzia gesi hii, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kulalia hata mkaa ukiwa umeshika vizuri na hautoi moshi. Moshi ukiisha, gesi ingali inatoka, na inaua familia nzima bila kuwaamsha.

Mapafu yanapobaki na msuli mmoja

Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo mno vinavyopiga makasia mara nyingi kila sekunde, vikisukuma kamasi na uchafu kuelekea kooni tuumeze au tuteme. Moshi huvilemaza. Usiku mvutaji anapopumzika kwa muda wa saa 7 au 8, vilivyobaki hai huanza kufanya kazi tena, na usingizini hatukohoi ipasavyo, kwa hiyo kamasi hukusanyika ikisubiri. Akiamka tu, kikohozi. Kikohozi cha asubuhi ni mwili unaofagia. Sigara ya kwanza ya siku inapokinyamazisha, imewapiga ganzi wafagiaji.

Miaka ikipita, baadhi ya wavutaji hupata ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa za mapafu. Mapafu hupoteza mnyumbuko, hewa hunaswa ndani, kifua hutuna. Na hapa ndipo usingizi unapokuwa mgumu kweli. Mchana mgonjwa huyu hupumua kwa msaada wa misuli ya shingo na ya katikati ya mbavu, utaiona ikikazana. Katika usingizi wa ndoto misuli hiyo yote huzimwa. Kinabaki kiwambo peke yake, ule msuli mpana chini ya mapafu, nacho kimesukumwa chini na hewa iliyonaswa hadi kikawa bapa, hakina pa kushukia. Oksijeni hushuka ingawa koo liko wazi. Mtu akiwa na ugonjwa huu pamoja na ule wa kukata pumzi, oksijeni hushuka zaidi na kuchelewa kurudi, na moyo wa upande wa kulia ndio unaolipa.

Wanawake wengi wa kwetu ambao hawajawahi kushika sigara wana ugonjwa huo huo wa mapafu kwa sababu ya miaka ya kupikia kuni kwenye jiko la mafiga lisilo na dohani. Wakieleza kwamba usiku hawapumui vizuri, wasirudishwe nyumbani eti kwa kuwa hawavuti.

Na asiyevuta anayelala chumba kimoja na mvutaji je? Utafiti ule wa Ulaya Kaskazini ulikuta kwamba hata wasiowahi kuvuta, wakiishi na moshi wa wenzao kila siku, hukoroma zaidi: karibu asilimia 20, dhidi ya asilimia 13 kwa wasiopatwa na moshi. Kwa watoto moshi huvimbisha mafindofindo na nyama zilizo nyuma ya pua. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, anayelala kichwa kikiwa kimepinduliwa nyuma na kinywa wazi, apelekwe hospitali. Asipelekwe kukatwa kimeo kienyeji. Kimeo sicho kilichovimba, na kisu kile kimeleta damu isiyokoma na maambukizi kwa watoto wengi. Kwa mtoto mchanga jambo ni zito zaidi: mama kuvuta akiwa mjamzito na moshi nyumbani baada ya kuzaa ni miongoni mwa mambo yanayoongeza vifo vya ghafla vya usingizini. Kuvutia dirishani hakutoshi, maana moshi hurudi ndani, na mabaki yake hukaa kwenye shuka, pazia na shati la anayembeba mtoto.

Jinamizi, maziwa, na mambo mengine yanayosemwa

Anayeshtuka usiku akitweta mara nyingi huambiwa amekabwa na jinamizi. Kuna tofauti unayoweza kuiona mwenyewe. Aliyekabwa na kile tunachokiita jinamizi huwa macho, anaona chumba, anajaribu kusogea au kupiga kelele anashindwa, na asubuhi anasimulia kila kitu. Ubongo umeamka misuli ikiwa bado imezimwa kwa ajili ya ndoto. Hupita baada ya muda mfupi, na pumzi inaendelea ingawa anahisi kifua kimekaliwa. Anayekata pumzi hukurupuka kitandani akivuta hewa kwa nguvu, anasogea bila shida, na mara nyingi hakumbuki. Msimulizi wake ni mke, mume au ndugu wa chumba kimoja. Kumpeleka huyu kwa mganga ni kumchelewesha.

Maziwa hayasafishi mapafu. Yanakwenda tumboni, ambako moshi haukwenda. Sigara zinazoitwa nyepesi nazo haziokoi koo, maana mvutaji huvuta kwa nguvu zaidi na kushikilia moshi kwa muda mrefu ili apate nikotini aliyoizoea. Bia pamoja na sigara ni jozi mbaya kuliko kila moja peke yake: pombe hulegeza misuli ya koo na kumfanya mtu achelewe kushtuka pumzi ikikatika, wakati moshi umekwisha kuvimbisha njia. Zipite saa 3 au 4 kati ya glasi ya mwisho na kulala.

Madereva nao wana mzunguko wao. Dereva wa lori au wa bodaboda anasinzia mchana kwa sababu usiku hakulala ipasavyo. Anavuta ili asisinzie. Moshi unaharibu usiku unaofuata. Asiuone usingizi wa kwenye usukani kama uvivu.

Anayetaka kuacha ajiandae kwa wiki za mwanzo

Habari njema ziko kwenye namba zile zile: katika utafiti wa Wisconsin, walioacha hawakuwa na hatari zaidi ya wasiowahi kuvuta. Kaboni monoksidi hurudi kawaida ndani ya siku moja au mbili. Uvimbe wa koo na vinyweleo huhitaji wiki hadi miezi.

Lakini wengi hurudia sigara kwa sababu ya usingizi wenyewe, kwa kuwa hakuna aliyewaonya. Kiu ya nikotini hufikia kilele siku ya 2 au ya 3, na usingizi unaweza kuwa mbovu kwa wiki 2 hadi 4. Kikohozi kinaweza kuongezeka kwa muda. Ni wafagiaji wamerudi kazini. Na kuna jambo ambalo karibu halisemwi: moshi wa sigara huliharakisha ini kuvunja kafeini. Mtu akiacha, ini hurudi mwendo wa kawaida, na kikombe kile kile cha kahawa chungu au chai ya rangi hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kafeini ikipanda hadi karibu mara mbili. Anakosa usingizi, mikono inatetemeka, anadhani ni sigara inamwita. Apunguze kahawa na chai kwa nusu tangu siku ya kwanza, na asinywe baada ya saa 8 mchana.

Anayetumia plasta ya nikotini akiota ndoto kali au akikosa usingizi, aibandue wakati wa kulala na kubandika mpya asubuhi. Jojo ya nikotini haitafunwi kama jojo ya kawaida: itafunwe taratibu hadi iwashe, iegeshwe kati ya fizi na shavu, kisha itafunwe tena. Anayevuta ndani ya dakika 30 tangu aamke kwa kawaida huanzia ya miligramu 4, mwingine ya 2; mfamasia atasaidia. Uzito nao uangaliwe, kwa sababu wengi huongezeka kilo 4 au 5 katika mwaka wa kwanza, na mafuta ya shingoni hubana njia ile ile tunayojaribu kuifungua. Hilo si sababu ya kutoacha.

Wakati huo huo lala ubavu. Mfuko ulioshonwa mgongoni mwa fulana, ukiwa na mpira wa tenisi ndani, humzuia mtu kulala chali. Kwa mwenye kiungulia, inua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa matofali, kimo cha sentimita 15 hadi 20. Mito miwili haifai, hukunja shingo na kuzidi kubana koo. Kusogeza sigara ya mwisho mbali na saa ya kulala hupunguza kichocheo tu, uvimbe hubaki.

Mwenye tatizo kali atahitaji mashine ya CPAP, ambayo Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliitangaza mwaka 1981. Husukuma hewa kupitia barakoa, na shinikizo la hewa hiyo huzizuia kuta za koo zisigusane. Haitoi oksijeni, husukuma hewa ya chumbani, kwa hiyo chumba chenye moshi huupeleka moshi moja kwa moja kooni. Anayetumia oksijeni ya mtungi nyumbani asiwashe sigara wala kiberiti karibu nayo kamwe. Watu wameungua nyuso.

Kabla ya kwenda hospitali, fanya kazi hii ndogo. Mtu wa nyumbani arekodi kwa simu nusu saa ya usingizi kati ya saa 9 na 11 alfajiri, mlalaji akiwa katika mkao wake wa kawaida. Sikilizeni palipo na ukimya baada ya mkoromo na mhesabu sekunde hadi pumzi irudi. Pimeni mzunguko wa shingo kwa utepe wa fundi cherehani. Zaidi ya sentimita 43 kwa mwanamume au 41 kwa mwanamke ni dalili ya kuongeza. Andikeni anaamka kukojoa mara ngapi, kama huamka na kichwa kinauma, kama presha haishuki licha ya dawa, na kama amewahi kusinzia akiendesha. Andikeni pia sigara ngapi kwa siku na ya mwisho huwa saa ngapi. Daktari wa pua, koo na masikio au wa mapafu akipewa rekodi hiyo na karatasi hiyo hatahitaji kubahatisha. Rekodi ikionyesha ukimya wa sekunde 10 na zaidi unaojirudia, msisubiri mwisho wa mwezi.